Mashine Kubwa Kuliko ya Magreti

Mtaa mmoja pale Nachingwea hauna kengele. Una kinu.

Kinu hicho ni cha Biasha, mke wa Habibu. Ni kidogo, cha mpingo, na hutwangiwa kahawa tu. Kitunguu saumu hakijawahi kuingia humo. Karanga hazijawahi. Siku moja wifi yake Hajra, kutoka Marambo, alitaka kukitumia kutwangia ufuta wa kisamvu. Biasha alikikumbatia kinu kama mtoto mwenye homa.

"Wifi, hiki ni cha kahawa," alisema.

"Kwani ufuta ni najisi?" Hajra aliuliza.

"Si najisi. Lakini una mafuta, na una harufu. Ukitwanga humu leo, kahawa yetu itanuka ufuta mpaka Ramadhani."

Kila alasiri Biasha alikaanga kahawa. Aliipoza kwenye ungo, kisha akaanza kutwanga. Mpingo una sauti kali. Mlio wake ulivuka ua, ukavuka barabara, ukaingia katika kila nyumba yenye mzee. Wazee walivaa kofia zao wakaja barazani kwa Habibu. Hakuna aliyewaalika kwa mdomo. Kinu kilikuwa kimekwisha kuwaalika. Mzee aliyesikia kinu akabaki nyumbani alihesabiwa kuwa mgonjwa, na mtu alitumwa kwenda kumjulia hali.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Kisha bega la Biasha likaanza kuuma.

Ili kulipumzisha bega, Biasha aliamua kutwanga mara moja tu kwa juma. Alitwanga nyingi, akaijaza kwenye kopo. Siku ya kwanza kahawa ilinukia. Siku chache baadaye ilikuwa kahawa kwa jina. Juma lilipokaribia kwisha, ilikuwa maji meusi yenye adabu. Tena, kwa sababu ya bega, unga haukulainika vizuri. Wazee wakawa wanaitafuna kahawa kabla ya kuimeza.

Hakuna aliyelalamika. Walikuwa watu wenye heshima zao. Walichofanya ni kuhama tu.

Walihamia ng'ambo ya ua, kwa Magreti, ambaye mtaani wanamwita mama Felisian. Magreti alitoka upande wa Masasi. Mume wake, Severini, ni mtu wa Mbinga, na ndugu zake huko wanalima kahawa. Shemeji mmoja alipokuja kuwatembelea alimsaidia Magreti kuchagua mashine ndogo ya umeme ya kusagia kahawa. Ilikuwa fupi kama jagi la maji, na kifuniko chake kilipitisha mwanga. Ilinguruma kidogo, ikanyamaza, ikanguruma tena. Halafu harufu ya kahawa ikaruka ua bila kupiga hodi. Wazee wakitoka msikitini alasiri, harufu iliwakamata kwenye kanzu ikawavuta.

Wivu nao haupigi hodi. Uliingia kwa Biasha, ukavua viatu, ukauliza chakula kiko wapi.

Biasha alitafuta tundu kwenye ua. Lilikuwa dogo, akalipanua kwa kidole. Binti yake Zuleha alimkuta hapo ameinama.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kuku."

"Kuku wetu wako nyuma yako, wote. Wanakushangaa."

"Nyamaza, nahesabu."

"Unahesabu kuku au unahesabu wazee?"

Biasha aliendelea kuchungulia. Alikuwa amemwona Mzee Selestini, mzee ambaye meno yalikuwa yamemwisha, akiongezwa kikombe. Barazani kwa Biasha mzee huyo hakuwahi kuomba cha pili. Jambo hilo lilimchoma moyo.

Lililomchoma zaidi lilitokea jioni ile ile. Habibu alirudi nyumbani akinukia kahawa mpaka kwenye masharubu.

"Baba Zuleha, umekunywa wapi?"

"Nilipita tu kwa Severini."

"Ulipita ukiwa umekaa?"

Habibu alitazama dari. Dari haikumsaidia. Basi akaona bora alete habari kubwa, ili ile ndogo isahauliwe.

"Wageni wa Nandagala wamethibitisha," alisema. "Wanakuja Ijumaa kumposa Zuleha. Mshenga wao ni Mzee Bakary."

Biasha akaketi. Mzee Bakary alijulikana Ruangwa nzima kwa mambo mawili: kunywa kahawa, na kuisema kahawa aliyoinywa. Akikusifia, sifa yako inafika mpaka Nanganga. Akikusema, nayo inafika, tena mapema zaidi.

"Ndiyo maana nimefikiri," Habibu aliendelea, kama mtu anayetembea juu ya mayai. "Siku hiyo tumwombe mama Felisian atupikie kahawa."

Biasha aliuweka mwiko chini taratibu sana. Zuleha akaona ni busara atoke nje.

"Binti ni wangu," Biasha alisema. "Wageni ni wangu. Baraza ni langu. Kahawa iwe ya jirani?"

"Ni wazo tu, mke wangu."

"Limeshakufa. Lizike."

Kesho yake alfajiri Biasha alipanda gari la kwenda Ruangwa. Maduka ya vyombo vya umeme yapo hata Nachingwea. Lakini Nachingwea angeonekana. Watu wangesema anamwiga Magreti. Biasha hakutaka kumwiga Magreti. Alitaka kumshinda.

Dukani Ruangwa, muuzaji alimpokea vizuri.

"Mama, unataka kusaga kahawa ya watu wangapi?" aliuliza.

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo kila mnunuzi anapaswa kujiuliza. Biasha hakulijibu. Alinyoosha kidole kwenye rafu, ilipokuwepo mashine kama ya Magreti.

"Jirani yangu ana hiyo. Mimi nataka kubwa kuliko hiyo."

"Kubwa ipo. Ila hii ni ya kusagia nafaka na viungo, vingi kwa mara moja. Kwa kahawa ya nyumbani—"

"Inang'aa?"

"Inang'aa, mama. Lakini—"

"Nifungie."

Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ndogo. Biasha alitoa akiba yake ya fedha za ufuta bila kupepesa macho. Njia nzima alipakata boksi, na picha ya mashine ikitazama nje, ili kila mtu aione.

Nyumbani aliiweka mezani. Alikaanga kahawa, akaipoza, akatia kiganja kimoja, akawasha. Mashine ilinguruma kama pikipiki iliyokosa bomba la moshi. Kuku walihama. Biasha alisogeza meza karibu na ua, ili na Magreti asikie.

Alipofungua kifuniko, alikuta punje zimetawanyika pembeni. Nyingine zilikuwa vumbi. Nyingine zilikuwa nzima kama zilivyozaliwa. Chombo kilikuwa kikubwa mno. Kahawa ilikuwa kidogo mno, ikawa inavikimbia visu.

"Ina njaa," Biasha alisema. Akaijaza kahawa yote aliyokuwa ameikaanga, akaisaga bila kuipumzisha. Akapata kopo zima la unga, unga wenye joto. Hivyo alirudi pale pale alipokuwa na kinu: kahawa ya juma zima, iliyosagwa siku moja.

Alasiri hiyo Hajra alifika kutoka Marambo kusaidia maandalizi ya posa. Alikuwa na kikapu cha ufuta kichwani. Alipoiona mashine, aliizunguka mara mbili.

"Wifi, hii ni mashine au ni kiwanda?" alisema kwa sauti kubwa. "Mtaa huu wote hakuna kama hii."

Ng'ambo ya ua, ufagio wa Magreti ulisimama. Biasha alisikia ule ufagio ukisimama. Moyo wake ukapata sukari.

"Sema tena, wifi. Sikusikia vizuri."

"Nasema hakuna kama hii. Tusage humu na ufuta wa kisamvu?"

Kama angekuwa ameshika kinu chake, Biasha angekikumbatia. Lakini wivu ulikuwa umekaa palepale, na wivu ndio uliojibu.

"Saga, wifi. Saga kwa sauti."

Hajra akasaga. Ufuta ukageuka uji wa mafuta. Mafuta yakaingia chini ya visu. Hajra akazidi kubonyeza. Mashine ikapata joto, ikatoa harufu ya waya kuungua, ikanyamaza. Kuku wakarudi.

Ilipopoa iliwaka tena. Walikaanga kahawa nyingine kidogo, wakaisaga, wakaichemsha, wakaionja. Juu ya kikombe mafuta yalielea kama mafuta ya taa kwenye dimbwi. Harufu ilikuwa ya ufuta, na nyuma yake harufu ya waya.

Zuleha aliinywa yote, kwa ujasiri, kisha akafuta mdomo.

"Mama, mimi sipingi ndoa," alisema. "Lakini kahawa hii itaivunja kabla haijafungwa."

Posa ilikuwa kesho kutwa.

Biasha aliitazama mashine yake. Ilikuwa bado inang'aa. Aliutazama ua. Alijua mlango wa kwenda, na alijua kwamba mlango huo ni mdogo kuliko kichwa chake. Aliinama, akapita.

"Hodi, mama Felisian."

"Karibu, mama Zuleha." Magreti alitoka na kigoda. Hakucheka. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu alikuwa amesikia kila kitu.

"Mashine yangu imenishinda," Biasha alisema.

"Umetia nini?"

"Kahawa."

"Na nini?"

"Na ufuta," Biasha alisema kwa sauti ya chini kabisa.

Magreti alivuta kigoda kingine, akaketi.

"Mama Zuleha, ungetwanga ufuta kwenye kile kinu chako cha mpingo?"

"Hata kwa bunduki."

"Basi umeifanyia mashine jambo ambalo huwezi kulifanyia kinu. Elimu ya kahawa unayo siku nyingi. Ila ulipoiona plagi ukaiacha nje."

Biasha alitaka kukasirika. Lakini maneno yalikuwa ya kweli, akayaacha yapite.

"Nieleze basi. Yako kwa nini inasaga vizuri na ni ndogo?"

"Inasaga vizuri kwa sababu ni ndogo. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi." Magreti alileta mashine yake, akaondoa kifuniko. "Tazama. Chombo hiki kinatosha kahawa ya birika moja. Punje zinavifikia visu, haziwezi kukimbia. Nasaga ninayoinywa sasa hivi. Kahawa ambayo haijasagwa hukaa siku nyingi, ikiwa kwenye kopo lililofungwa vizuri. Ikishasagwa, harufu inaanza kuondoka palepale."

"Ndiyo maana ya kwangu ilikufa kwenye kopo."

"Ndiyo. Wala hukukosea kukaanga. Hapa mtaani hakuna anayekaanga kama wewe."

Biasha alijifanya hakusikia, ili Magreti aseme tena. Magreti hakusema tena.

"Na dukani niliona nyingine, ghali kabisa, haina visu," Biasha alisema. "Ile ni nini?"

"Ile inasaga kwa meno mawili ya duara. Kahawa inapita katikati ya meno, unga unatoka sawasawa. Ni nzuri sana. Mwenye mashine za kahawa za hotelini anaihitaji. Sisi tunachemsha kwenye birika. Kwa kahawa ya kuchemsha, yenye visu inatosha, ukijua kuitumia. Ile ya meno ni bei ya mbuzi. Hii ya visu ni bei ya kuku wachache. Kwa nini ufuge mbuzi ili upate yai?"

"Kuitumia kwenyewe kukoje?"

"Kama kutwanga. Wewe ukitwanga, unashusha mchi tu bila kupumzika?"

"Hapana. Natwanga, nageuza, natwanga tena, nachekecha."

"Basi ndivyo. Unabonyeza kidogo, unaachia. Unaitikisa ili punje za juu zishuke. Unabonyeza tena. Ukiing'ang'ania, mota inachemka na kahawa inachemka kabla ya kufika kwenye maji. Na kahawa iliyotoka jikoni ipoze kwanza."

"Hilo najua."

"Najua unajua. Tangawizi kavu usiitie humu, ni ngumu kama mawe, itakula visu. Itwange pembeni. Ukimaliza, chomoa plagi kwanza, ndipo uguse visu. Futa kwa brashi kavu na kitambaa. Usiizamishe kwenye maji, mota iko chini hapa."

Asubuhi yake walikwenda pamoja kwenye duka moja hapo hapo Nachingwea. Waliokutana nao njiani waliwatazama kwa mshangao. Biasha alitembea kwa kichwa kilichoinuka. Sasa alikuwa na maswali, na mtu mwenye maswali mazuri hahitaji boksi kubwa.

"Ninasaga kahawa ya birika moja kwa mara moja," alimwambia muuzaji kabla hajaulizwa. "Nataka ya visu vya chuma kisichoshika kutu. Kifuniko kipitishe mwanga, nione unga. Isiwake kifuniko kikiwa wazi, nyumbani kwangu watoto wanakuja kucheza. Inaendana na umeme wetu wa nyumbani?"

"Inaendana, mama. Imeandikwa hapa chini."

"Iwashe nisikie." Muuzaji akaiwasha. Biasha aliinamisha sikio kama daktari. "Risiti na karatasi ya waranti uniandikie. Ikiharibika yenyewe, nitairudisha."

"Na ikiharibika kwa ufuta?" Magreti alinong'ona.

"Tutazame mbele, mama Felisian."

Ilifanana na ya Magreti, rangi tu ndiyo tofauti. Biasha alichagua nyekundu. Mtu hawezi kuacha kila kitu kwa siku moja.

Ile kubwa haikupotea. Hajra aliisafisha, akasaga ufuta kwa vipindi vifupi, akaona inamfaa. Kule Marambo anauza ufuta wa kusagwa kwa majirani. Aliinunua kwa wifi yake, na baada ya posa akaondoka nayo akiwa ameipakata, picha ikitazama nje.

Ijumaa, baada ya sala, wageni wa Nandagala walifika. Mzee Bakary aliketi mahali pa heshima, akaweka bakora kando, akatazama kushoto na kulia.

"Wazee wenu wako wapi?" aliuliza.

Habibu akachungulia barabarani. Wazee walikuwa wameambiwa siku. Saa hawakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia saa. Walikuwa majumbani kwao, wamevaa, kofia kichwani, wakisubiri kinu. Na kinu hakikulia. Posa haizungumzwi na baba peke yake. Baraza lisilo na wazee huonekana kama nyumba isiyo na watu.

"Nawapigia simu," Habibu alisema, akipekua mifuko.

"Acha simu," Biasha alisema.

Alikitoa kinu cha mpingo uani. Hakukuwa na kitu ndani. Alishika mchi kwa mkono wa kushoto, ule usiouma, akatwanga upepo. Mlio ukavuka ua, ukavuka barabara. Mlango wa kwanza ukafunguka. Kisha wa pili. Kofia zikaanza kuonekana, zikija moja baada ya nyingine. Mbele yao wote alikuwa Mzee Selestini, akitembea kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana tangu meno yalipomwisha.

Wakati wanasalimiana, Biasha alisaga. Alibonyeza, akaachia, akatikisa, akabonyeza tena. Unga ulitoka mwororo. Alitia tangawizi kidogo aliyoitwanga pembeni, akachemsha, akaacha itulie, akamimina.

Mzee Bakary alinusa. Alionja. Alifumba macho kwa muda mrefu hata Zuleha, aliyekuwa akichungulia kwenye lile tundu la ua kutoka kwa Magreti, akaanza kuhesabu pumzi zake. Kisha mzee akaweka kikombe chini.

"Nilikuja na maneno mengi," alisema. "Nimebakiwa na moja. Niongeze."

Alipomaliza cha pili akamgeukia Habibu. "Nyumba inayokaanga na kusaga hivi haiwezi kulea binti mvivu. Tuendelee na lililotuleta."

Posa ilikubaliwa kabla ya magharibi. Sifa ikaanza safari ya Nanganga.

Tangu siku hiyo baraza la Habibu limejaa tena. Bega la Biasha limepona. Kila alasiri hupiga kinu kitupu, kisha huwasha mashine.

Siku moja Magreti alimwita kutoka ng'ambo ya ua. Barazani kwake alikuwa amebaki Severini peke yake.

"Mama Zuleha, mashine unayo. Unatwanga nini tena?"

"Upepo."

 Siku ya soko Magreti alionekana kwa wachonga vinu. Aliviinamia, akavigonga, akaviinua. Akachagua kimoja, akakikodia baiskeli ya kukibeba, kwa sababu hakikubebeka kwa mikono.

Kilikuwa kikubwa kuliko cha Biasha.

Alasiri hiyo kikalia. Kilikuwa cha mwembe, mti laini, na sauti yake ilikuwa kama gunia la korosho linaloanguka kutoka kwenye lori. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguka.

Biasha alisimama kwenye tundu la ua akisikiliza. Alifurahi. Akaona aibu kidogo, kisha akafurahi tena. Mwishowe akakiweka kinu chake cha mpingo kwapani, akaufuata ule mlango mdogo, akainama.

"Hodi, mama Felisian," alisema. "Nimekuja. Kuhusu ukubwa, kuna mtu aliwahi kunieleza jambo."